Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Heshima ya Ufundi Haitaletwa na Mabango

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

Nakala: Waziri mwenye dhamana ya Utumishi wa Umma, Chama cha Waajiri Tanzania, bodi na kamati za shule.

YAH: MTAZAMO WA JAMII KUHUSU ELIMU YA UFUNDI NA THAMANI YAKE KWA WAHITIMU

Mheshimiwa Waziri,

Mwaka 2027 wanafunzi walioingia kidato cha kwanza Januari 2024 katika mkondo wa amali watamaliza kidato cha nne, na hapo Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma tarehe 1 Februari 2025, itaanza kupimwa na watu ambao wengi wao hawajaisoma, nao ni wazazi. Mkondo wa amali, kwa maana inayotumika katika sera hiyo, ni njia ya elimu ya sekondari ambamo mwanafunzi husoma masomo machache ya jumla sambamba na fani ya kazi, kama vile uashi, umeme wa majumbani, ushonaji, kilimo au ufundi magari, huku umahiri wake katika fani ukipimwa kwa viwango vya Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET. Mzazi hatauliza mtaala umeandikwaje. Atamtazama kijana wa jirani aliyepita njia hiyo anavyoishi mwaka mmoja baada ya mtihani, kisha ataamua mwanawe apite wapi.

Barua hii inaandikwa ili kuweka mbele ya Wizara hoja moja, kwamba mtazamo wa jamii kuhusu elimu ya ufundi hautageuzwa na uhamasishaji, kwa sababu haukuzaliwa na ujinga wa wazazi. Umezaliwa na ishara ambazo Serikali na waajiri wamekuwa wakizitoa kwa miaka mingi kupitia utaratibu wa kuchagua wanafunzi, ngazi za mishahara, mgawanyo wa fedha za mafunzo na namna kazi za umma zinavyogawiwa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na wingi wa makongamano na kaulimbiu za kuwasihi wazazi waupende ufundi ni dalili kwamba cheti cha ufundi bado hakijapewa thamani ya kukiwezesha kujiuza chenyewe.

Mtazamo wenyewe unafahamika. Katika shule nyingi VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, hutajwa darasani kama tishio, na mwanafunzi mzembe huonywa kwamba asipojirekebisha ataishia huko. Nyumbani, mtoto aliyepata daraja la kwanza hutajiwa udaktari, uhandisi na uanasheria, ilhali ufundi husubiri hadi matokeo yawe mabaya ndipo ndugu waukumbuke kwa sauti ya kufarijiana. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliianika tabia hiyo hadharani: takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri kabla ya matokeo hayo kupangwa upya, na katika mjadala uliofuata vyuo vya ufundi vilitajwa kama mahali pa kuwapeleka waliofeli, pasipo kuulizwa kama vilikuwa na nafasi, walimu na zana za kuwapokea, wala kama kijana aliyeshindwa hesabu za kidato cha pili ataweza kukokotoa mzigo wa umeme katika nyumba ya vyumba vinne.

Dharau hiyo si urithi wa mababu. Wahunzi wa Upare na Ufipa, mafundi wa majahazi wa mwambao na wachongaji wa milango ya nakshi wa Unguja walikuwa watu wenye nafasi katika jamii zao, na kijana alikabidhiwa kwao ajifunze kwa heshima. Kilichotenganisha kalamu na nyundo ni mshahara wa kikoloni. Shule ya serikali ya Tanga, iliyoanzishwa na Wajerumani katika miaka ya 1890, ilikuwa na karakana za useremala na uchapaji, lakini wahitimu ambao utawala uliwahitaji zaidi walikuwa makarani, wakalimani na maakida, na hao ndio waliorudi vijijini na mamlaka mikononi. Waingereza walipofuata, Tume ya Phelps-Stokes, iliyotembelea Afrika Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza Mwafrika apewe elimu iliyolinganishwa na maisha ya kijijini, yenye kilimo na kazi za mikono kwa wingi. Mzazi Mwafrika aliona kwamba mtoto wa Mzungu hakupewa elimu ya namna hiyo, akahitimisha kwamba amepangiwa kubaki chini, na katika mazingira yale hitimisho lake lilikuwa na msingi.

Baada ya Uhuru, andiko la Mwalimu Julius Nyerere la Elimu ya Kujitegemea, lililotolewa Machi 1967, lilikusudia kuliondoa pengo hilo kwa kutaka kila shule iwe mahali pa kusoma na kuzalisha, na katika miaka ya 1970 shule za sekondari zikapewa michepuo, yaani maeneo maalumu ya masomo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Shule kama Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Bwiru, Iyunga na Musoma zilijulikana kwa ufundi, na hadi leo wapo wahandisi wanaokumbuka kwamba walishika tupa na randa kabla ya kushika kalamu ya kuchorea ramani. Hata hivyo piramidi ya mitihani ilibaki palepale, na mwanafunzi wa mchepuo wa ufundi aliendelea kuota ofisi kama mwenzake wa mchepuo wa sayansi.

Jambo hilo lilikuwa limekwisha kuelezwa na mwanasosholojia Philip Foster, ambaye baada ya kuzichunguza shule za Ghana alionyesha mwaka 1965 kwamba matarajio ya wanafunzi hayaumbwi na mtaala bali na malipo yanayoonekana katika soko la ajira, hivyo kuongeza masomo ya ufundi shuleni bila kugusa malipo ni kumtaka kijana aukane ushahidi wa macho yake. Utafiti wa George Psacharopoulos na William Loxley kuhusu shule za michepuo za Colombia na Tanzania, uliochapishwa mwaka 1985, nao haukuwapa faraja waliotarajia kwamba mchepuo pekee ungempa mhitimu wa Tanzania nafasi bora zaidi ya ajira, ilhali gharama za kuendesha shule za aina hiyo zilikuwa kubwa. Sera ya sasa ya mkondo wa amali itarudia historia hiyo endapo itaishia kwenye mtaala.

Inafaa basi kuzitazama ishara ambazo mzazi wa leo anazisoma. Ya kwanza ni fedha. Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ya mwaka 1994, iliyounda VETA, iliweka pia msingi wa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo ni malipo yanayotozwa kwa mwajiri kwa kuzingatia jumla ya mishahara anayolipa. Kiwango chake kilikuwa asilimia 6, kikashushwa kwa awamu hadi kufikia asilimia 3.5 mwaka 2023. Katika mgawanyo uliozoeleka kwa miaka mingi, theluthi moja ya tozo hiyo huenda kwenye mfuko wa VETA na theluthi mbili huingia Hazina, ambako sehemu yake imetumika kugharamia mikopo ya elimu ya juu. Hivyo tozo yenye jina la ufundi imekuwa ikimsomesha mwanachuo wa shahada kuliko inavyomsomesha mwashi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi mwaka 2005, na wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele wakaanza kukopeshwa katika mwaka wa masomo 2023/24. Ngazi ya cheti cha ufundi stadi ikabaki mwisho wa foleni. Ada ya kozi ndefu katika vyuo vya VETA, ambayo imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanachuo wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, ni nafuu kwelikweli, lakini haijumuishi kitu anachokihitaji zaidi mhitimu siku anayotoka chuoni, yaani zana za kazi.

Ishara ya pili ni mishahara ya utumishi wa umma. Miundo ya utumishi kwa kawaida huweka ngazi ya kuanzia kwa kufuata kiwango cha elimu ya darasani, hivyo fundi mwenye cheti huanzia chini, hupanda kwa hatua fupifupi, na anaweza kufikisha miaka 20 ya utendaji bila kufika alipoanzia kijana mwenye shahada. Si lazima iwe hivyo. Nchini Ujerumani fundi aliyefuzu hadi hadhi ya bingwa wa fani amewekwa katika ngazi ya 6 ya mfumo wa taifa wa sifa za kitaaluma, ambayo ndiyo ngazi ya shahada ya kwanza, na hadhi hiyo humpa uwezo wa kuendesha karakana na kufundisha wanagenzi. Mzazi wa huko hahitaji kusihiwa.

Ishara ya tatu ni soko la mtaani, na hapa ukuta mmoja wa nyumba ya kawaida unatosha kueleza tatizo. Mwashi aliyefundishwa huanza kwa kuhakiki pembe za msingi, hufunga kamba kutoka kona hadi kona, hukagua kila mstari wa tofali kwa pima maji na wima wa ukuta kwa timazi, huloanisha tofali kabla ya kulilaza ili lisinyonye maji ya mchanganyiko wa saruji, na humwagilia kazi yake kwa siku kadhaa ili saruji ikomae. Hatua hizo hula muda, maji na fedha, na zote hufunikwa na plasta. Mwenzake asiyefundishwa, yule ambaye mtaani huitwa fundi maiko, huruka nusu ya hatua hizo na kutaja bei ya chini, na siku ya kukabidhi kazi kuta zote mbili hung'aa kwa rangi ileile. Tofauti hujitokeza baada ya misimu miwili au mitatu ya mvua, nyufa zinapoanza kwenye kona za madirisha, na wakati huo fundi maiko hapatikani kwa simu.

Wachumi huiita hali hiyo ukosefu wa ulinganifu wa taarifa, yaani muuzaji anaujua ubora wa anachokiuza na mnunuzi haujui, na matokeo yake ni kwamba mnunuzi hulipa bei moja kwa kazi nzuri na mbaya, na bei hiyo huelekea kuwa ile ya kazi mbaya. Kwa mwenye cheti, maana yake ni kwamba miaka aliyokaa chuoni haimpi nyongeza yoyote katika mapatano, na huonekana kwa majirani kama mtu aliyepoteza muda kujifunza jambo ambalo mwenzake alilipata kwa kuwa saidia fundi. Mzazi anayeliona hilo na kumpeleka mwanawe kidato cha tano, ambacho tangu mwaka 2022 hakilipiwi ada katika shule za Serikali, hawezi kulaumiwa kwa kukosa uzalendo.

Zipo kwa upande mwingine sehemu ambako dharau hiyo haionekani, na sehemu hizo zina funzo. Nafasi za udereva katika taasisi za umma zinapotangazwa na Sekretarieti ya Ajira, mwombaji hudaiwa, pamoja na leseni, cheti cha mafunzo ya udereva kutoka VETA, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji au chuo kingine kinachotambuliwa. Kwa sababu hiyo madereva wenye uzoefu wa miaka mingi hujilipia wenyewe kwenda kukaa darasani, na hakuna anayewacheka. Vivyo hivyo katika umeme, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, hutoa leseni za ufungaji wa mifumo ya umeme kwa madaraja, na nyumba haipaswi kuunganishwa na shirika la umeme, TANESCO, mpaka kazi ya ndani iwe imethibitishwa na mwenye leseni. Vishoka, yaani mafundi wasio na leseni, hawajaisha, lakini hata kishoka hulazimika kumtafuta mwenye muhuri, na kwa kufanya hivyo hukiri kwamba muhuri huo una bei. Katika fani hizo mbili mtazamo wa jamii haukubadilishwa na kampeni yoyote. Ulibadilika kwa sababu mlango fulani haufunguki bila cheti.

Serikali ina milango mingi zaidi ya hiyo. Kati ya Oktoba 2021 na mwanzoni mwa mwaka 2022 yalijengwa madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, 12,000 yakiwa ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, na kazi hiyo ilitegemea sana utaratibu unaojulikana kama fosi akaunti, ambamo kamati ya eneo husika hununua vifaa na kuajiri mafundi wa hapohapo badala ya kumkabidhi kazi mkandarasi. Utaratibu huo umepunguza gharama na kuziacha fedha vijijini, nao ni soko la ufundi lililo mikononi mwa Serikali yenyewe, lenye kuonekana na kila mzazi wa kata. Endapo kila mkataba wa namna hiyo ungetaka fundi mkuu wa uashi, wa useremala na wa umeme awe na cheti kinachotambuliwa, mzazi angekutana na thamani ya cheti hicho kwenye uwanja wa shule anakosoma mwanawe, jambo ambalo bango la barabarani haliwezi kulifanya.

Kutokana na maelezo hayo, barua hii inaiomba Wizara, kwa kushirikiana na wizara nyingine zinazohusika, ichukue hatua tano.

Kwanza, cheti cha ufundi kiwe sharti kwa fundi mkuu katika kazi zote za umma zinazofanywa kwa fosi akaunti, na sharti hilo litanguliwe na kipindi cha mpito cha miaka mitatu. Kipindi hicho ni cha lazima kwa sababu wengi wa mafundi bora wa nchi hii hawakupita chuoni. Walijifunza kwa kukaa miaka mingi chini ya fundi mzoefu katika gereji bubu, karakana za mitaani na maeneo ya ujenzi. Kwao upo utaratibu wa urasimishaji ujuzi, ambamo VETA humpima fundi kazini kwake kwa vitendo, humwongezea maarifa anayopungukiwa na kumpa cheti, bila kumlazimisha kuanza upya. Utaratibu huo ukipanuliwa hadi kila wilaya, sharti la cheti litawainua mafundi wa mtaani badala ya kuwafukuza.

Pili, mkondo wa amali usiwe chombo cha kupokea mabaki ya mkondo wa jumla. Wanafunzi wachaguliwe kwa hiari na kwa vipaji, zikiwemo alama nzuri za hisabati na sayansi kwa fani zinazozidai, na shule isiruhusiwe kupokea wanafunzi wa fani yoyote kabla haijawa na karakana, mwalimu wa fani na vifaa vya mazoezi. Uchomeleaji unaofundishwa ubaoni humrudisha mwanafunzi nyumbani na daftari lenye michoro ya mashine ambayo hajawahi kuiwasha, na mzazi hulisoma daftari hilo kama ushahidi kwamba mwanawe amedanganywa. Wasichana nao wasielekezwe kwenye ushonaji na upishi kwa mazoea, kwani fani zenye malipo makubwa, kama umeme, mitambo na majokofu, hazina sababu ya kuwa mali ya wavulana.

Tatu, sehemu kubwa ya tozo ya kuendeleza ufundi stadi irejeshwe kwenye kazi iliyoipa jina. Ujenzi wa vyuo vipya zaidi ya 60 katika wilaya zilizokuwa hazina chuo cha VETA ni hatua inayostahili pongezi, lakini jengo lisilo na mwalimu aliyepita viwandani wala malighafi za mazoezi halizalishi fundi. Fedha hizo zigharamie pia mkopo wa zana, yaani mkopo mdogo unaotolewa kwa mhitimu katika mfumo wa vifaa vya fani yake, na urejeshwe kwa mafungu kadiri anavyopata kazi. Fundi bomba anayetoka chuoni bila mashine ya kukatia nyuzi za mabomba wala seti ya spana hana namna ya kuupima ujuzi wake sokoni.

Nne, ngazi ya kupanda iwe wazi. Mfumo wa tuzo nchini una ngazi tatu za ufundi stadi, kisha ngazi ya nne hadi ya kumi za elimu ya ufundi, na kwenye karatasi kijana anaweza kuanza na uashi na kumaliza na uhandisi. Kinachohitajika ni nafasi za udahili zilizotengwa kwa ajili ya wenye vyeti vya ngazi ya tatu, masomo ya daraja ya hisabati na lugha kwa wanaoyahitaji, na miundo ya utumishi inayomwezesha fundi bingwa kupanda mshahara kwa umahiri wake bila kuiacha kazi ya mikono.

Tano, kila chuo cha ufundi, cha umma na binafsi, kitangaze kila mwaka wahitimu wake wa fani moja moja wako wapi: wangapi wameajiriwa, wangapi wamejiajiri, wangapi wanatafuta kazi na kipato chao kikoje. Taarifa za namna hiyo, zikibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kata sambamba na matokeo ya mitihani, zitamsaidia mzazi kuchagua kwa hesabu, na zitazifichua pia fani ambazo zimeendelea kufundishwa kwa sababu tu walimu wake wapo.

Kuna pingamizi zito dhidi ya mkondo wa amali ambalo Wizara haipaswi kulipuuza. Inasemwa kwamba kumpangia mtoto wa miaka 13 au 14 njia ya ufundi ni kumfungia milango kabla hajajitambua, na kwamba watakaoipita njia hiyo watakuwa watoto wa wakulima na wachuuzi, huku watoto wa viongozi na matajiri wakibaki katika shule za jumla zinazoelekea chuo kikuu. Pingamizi hilo ni lilelile alilokuwa nalo mzazi wa miaka ya 1920, na haliwezi kujibiwa kwa hotuba. Linajibiwa kwa mambo mawili yanayoweza kuthibitishwa: kwamba mwanafunzi wa amali anaweza kuvuka kwenda mkondo mwingine na kufika chuo kikuu bila kupoteza miaka, na kwamba shule za amali zenye karakana bora zinapatikana hata katika maeneo wanakoishi wenye nafasi, nao wanawapeleka watoto wao huko. Siku orodha za majina ya shule hizo zitakapokuwa na watoto wa wakurugenzi, wabunge na maprofesa, maneno ya kuwashawishi wengine hayatahitajika.

Pingamizi jingine ni kwamba ufundi hauumbi ajira, na lenyewe ni la kweli kwa sehemu. Cheti hakimpi mtu mteja, na kumwambia kila kijana ajiajiri ni njia ya kumtwisha mzigo ambao uchumi umeshindwa kuubeba. Lakini kazi zinazosubiri mikono yenye ujuzi zipo mbele ya macho: reli ya kisasa inayohitaji matengenezo ya kila siku, Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, ambalo kiungo chake kimoja kikichomelewa vibaya hakipiti kwenye ukaguzi. Miradi ya aina hiyo huajiri mchomeleaji kwa viwango vinavyotambulika kimataifa, na pale ambapo mzawa hana uthibitisho wa viwango hivyo, mtu wa kutoka nje huchukua nafasi. Kuporomoka kwa jengo la ghorofa jijini Dar es Salaam mwaka 2013 na kwa lile la Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 kumeikumbusha nchi kwamba ubora wa kazi ya ujenzi, kuanzia mchoro wa mhandisi hadi mkono unaofunga nondo, ni suala la uhai wa watu.

Waajiri nao wana sehemu yao. Kiwanda kinacholalamika kwamba wahitimu hawajui mashine za kisasa, huku kikikataa kumpokea mwanachuo kwa mafunzo ya vitendo au kumpokea na kumtuma chai, kinachangia upungufu kinaoulalamikia. Mpango wa uanagenzi unaoratibiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, ambamo kijana hujifunza kazi akiwa kazini chini ya usimamizi, utafanikiwa tu iwapo kampuni zitaona faida ya kuushiriki, na punguzo la tozo kwa kampuni inayofundisha wanagenzi kwa dhati ni motisha ambayo inafaa kujadiliwa na Chama cha Waajiri.

Bodi na kamati za shule zinaombwa jambo dogo lisilohitaji bajeti: zisiruhusu ufundi utumike kama fimbo ya kuwatishia wanafunzi, na katika siku za mahafali zimwalike fundi mwenye karakana azungumze na wanafunzi sambamba na daktari na mwanasheria. Wazazi wanaombwa waulize maswali magumu kabla ya kukubali au kukataa mkondo wowote, kwa kuwa shahada isiyo na kazi na cheti kisicho na zana vyote humrudisha kijana kwenye sebule ya wazazi wake.

Mheshimiwa Waziri, muda uliobaki kabla ya wanafunzi wa kwanza wa amali kumaliza kidato cha nne ni mfupi kuliko muda wa kubadilisha mawazo ya taifa, lakini unatosha kubadilisha masharti ya mkataba, mgawanyo wa tozo na kanuni za udahili. Wizara inaombwa ianze na hayo, kwa sababu mzazi ataiheshimu elimu ya ufundi pale atakapoona kwamba Serikali yenyewe, inapojenga, inapoajiri na inapolipa, imeanza kuiheshimu.

Inawasilishwa kwa heshima, katika ujenzi wa taifa.